Kwa watoto wa kaka zangu, kabla hamjagawana yadi

Wanangu na wajukuu zangu,

Nawasalimu nyote, wa Nakuru na wa Kisumu.

Nimepata ujumbe wenu wa kunitaka niandike ukurasa mmoja wa historia ya yadi yetu ya mbao, uchapishwe kwenye kalenda ya mwakani. Nimesikia pia, ingawa si kutoka kwenu, kwamba mnataka kiwanja cha Nakuru kigawanywe mara tatu, kila nyumba ichukue kipande chake, tawi la Kisumu liuzwe, na fedha zitakazopatikana ziingizwe kwenye zabuni za miti ya msitu wa serikali kwa kuwa sasa umefunguliwa. Mambo haya mawili hamkuyaleta pamoja. Mimi nitayajibu pamoja, tena hadharani, maana Njoro, Elburgon, Molo na huko Kisumu ziko familia nyingine za mbao za jumla zenye ubishi huu huu, ila wazee wao wameshatangulia.

Kalenda mnayoitaka inaanza na babu yenu akisukuma mkokoteni. Mkokoteni ulikuwepo kweli, lakini kabla yake kulikuwa na mabanzi. Kulikuwa na tajiri mmoja wa Kihindi mwenye kiwanda cha kupasua mbao, na mabanzi yenye magamba yanayobaki gogo likishachongwa pande nne yalikuwa yanamjazia uwanja. Babu yenu aliyachukua kwa mkopo, akawauzia waliokuwa wakijenga vibanda mtaa wa Bondeni, Nakuru, na kabla wiki haijaisha alikuwa amerudi na pesa ya watu. Akapewa mabanzi zaidi. Baadaye akapewa mbao za daraja la chini, kisha lori zima, bila kuandikiana chochote zaidi ya mstari mmoja kwenye kitabu cha yule tajiri. Mtaji wa kwanza wa familia hii ulikuwa deni lililolipwa mapema. Hilo liandikeni kwenye kalenda.

Daftari la yadi niliandika mimi. Ubao wa mlangoni ulikuwa na jina la babu yenu “na Wanawe”, na huku ndani binti yake ndiye aliyekuwa akihesabu futi. Silisemi kwa uchungu mwingi. Kidogo tu.

Nakuru haikuwa soko la mbao kwa bahati. Reli iliyofika ziwani Kisumu mwaka 1901 ilipanda Njoro, Elburgon, Molo na Londiani, ikapita katikati ya mitarakwa, yaani mierezi, ya msitu wa Mau, na injini zenyewe zilikuwa zikila kuni. Idara ya Misitu ikaundwa mwaka 1902, na haikuchukua muda kabla ya kuanza kupanda miti ya kigeni inayokua haraka. Ndiyo maana saipresi, mti wenye asili ya Mexiko na Amerika ya Kati, leo unaonekana kama wa kwetu. Tangu mnamo 1910 kulikuwa na utaratibu wa shamba: familia inapewa kipande cha msitu uliokatwa, inapanda mahindi na viazi, na katikati ya mistari inatunza miche ya serikali mpaka kivuli cha miti kiifukuze familia. Mbao zilizowasomesha baba zenu zilipaliliwa na akina mama wa Elburgon katikati ya viazi vyao. Hakuna hata mmoja wao kwenye picha zenu.

Na huo msitu haukuwa wa kutegemewa kama mnavyodhani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ugonjwa wa majani uliharibu paini za aina ya radiata, ikabidi aina nyingine ipandwe. Mwaka 1990 vidukari vya saipresi viliingia nchini, nikaona ua mzima wa miti ukigeuka rangi ya kutu. Babu yenu alikuwa akisema saipresi ni mahari ya miaka 30: unaanza kuilipa leo na anayeoa ni mwingine.

Sasa nifike pale ambapo kalenda yenu haigusi kabisa.

Mwaka 1999 serikali ilipiga marufuku ukataji miti katika misitu yake. Kampuni chache kubwa ziliachiwa ziendelee, sisi wengine tukafungiwa lango. Haukupita muda yadi za Nakuru zikaanza kuonyesha sakafu. Hapo ndipo zilipoanza mbao za usiku. Lori linaingia saa tisa za usiku limezima taa, mbao bado zinatoka maji, na kibali cha kusafirisha ama hakuna ama ni cha mzigo mwingine. Bei ilikuwa tamu ajabu. Yadi moja jirani yetu ilikamatiwa lori na mzigo wake, na mwenyewe akaishia kuuza kiwanja ili kulipa mawakili. Baba zenu walishawishika, siwafichi. Babu yenu aliwasikiliza mpaka mwisho, akachukua kamba yake ya kupimia, akapanda matatu kwenda Vihiga.

Kule Vihiga na Kakamega kila boma lina mikaratusi mpakani, hiyo mnayoita blugamu, na upande wetu wa Bahati na Subukia kuna grevilea mashambani. Miti ilikuwepo siku zote. Sisi wa jumla tuliidharau kwa sababu ya msitu wa bei nafuu kule juu, tukawaachia madalali. Na dalali anajua kalenda kuliko nyinyi. Anakuja Januari, karo inapodaiwa, anasimama chini ya mti, anautazama kwa macho tu, anataja bei, na mama mwenye mti hana pa kukatalia.

Babu yenu hakununua kwa macho. Alizungusha kamba mbele ya mwenye mti, na hesabu aliifanya kwa sauti. Wajukuu, chukueni kalamu, maana hili hamlijui na mnajiita wauza mbao. Gogo lina urefu wa mita 6, na kamba katikati yake inatoa sentimita 120. Kanuni ya zamani ya robo mzingo inasema ugawe kwa nne, upate 30, uzidishe 30 kwa 30, kisha kwa urefu. Utapata mita za ujazo 0.54. Lakini ujazo halisi wa gogo hilo unakaribia 0.69. Kwa hiyo kanuni yenyewe imeshamkata mkulima zaidi ya moja ya tano kabla bei haijatajwa, kwa ajili ya gamba na kwa ajili ya taka za msumeno. Mnunuzi anayemwambia mkulima “toa kidogo kwa sababu ya gamba” baada ya hesabu hiyo anamkata mara mbili. Nimesikia mmoja wenu anafanya hivyo huko Luanda ya Vihiga. Aache.

Tuendelee na gogo lile lile. Likipasuliwa kwa pawa soo, msumeno wa injini wa mkononi, na kijana mwenye haraka, mkipata theluthi ya ujazo halisi mshukuru, nayo ni kama futi 190 za ubao wa inchi sita kwa moja. Likipasuliwa kwenye benchi yenye msumeno ulionolewa na nusu ikatoka kuwa mbao, ni karibu futi 290. Faida yetu ilikuwa katika hizo futi mia zilizokuwa zikigeuka vumbi. Ndiyo maana tulinunua mashine badala ya kushindana na madalali kumpunja mjane. (Nchi ilishahamia vipimo vya mita zamani, lakini fundi wa soko la Kibuye, Kisumu, hadi leo ataomba inchi nne kwa mbili, na mkimtajia milimita ataenda yadi ya pili.)

Hapo ndipo tawi la Kisumu lilipozaliwa. Halikufunguliwa kwa sababu ya wateja wa mjini, kama ilivyoandikwa kwenye rasimu yenu. Lilikuwa mahali pa kupokelea na kukaushia mbao za mashambani, zipangwe juu ya matofali, vijiti katikati ya kila safu, ncha zimepakwa rangi ili zisipasuke, kwa sababu blugamu mbichi hujikunja kabla fundi hajamaliza kupigilia. Wateja walifuata baadaye, walipogundua kwamba paa tulilowauzia mbao zake halikupinda.

Ya 2018 mnayakumbuka wenyewe. Marufuku ya 1999 ilikuwa imeshaondolewa, lakini mwezi Februari ilitangazwa kwamba ukataji unasimamishwa tena kwa siku 90, na siku hizo 90 zikawa zaidi ya miaka mitano. Viwanda vya Elburgon na Molo vikanyamaza, vijana wakahama, yadi kubwa zikageukia paini ya Tanzania. Sisi Kisumu ndiyo iliyotulisha, na mishahara ya Nakuru ilikuwa inatoka kule kule mnakotaka kuuza.

Kisha Julai 2023 Rais William Ruto akatangaza, pale pale Molo, kwamba marufuku imeondolewa. Ndiye aliyekuwa ametangaza kufunga akiwa Naibu wa Rais. Chama cha Wanasheria kikaenda mahakamani, amri ikasimamisha mambo kwa muda. Simlaumu mtu; misitu ile ndiyo chemchemi ya mito yetu na kuna siku itabidi ifungwe tena. Mtu mwenye yadi lazima apange akijua hivyo. Ombeni zabuni za serikali, sikatai, miti iliyokomaa ina haki ya kukatwa. Ila isizidi nusu ya mzigo wenu. Mkimwacha mkulima wa Vihiga miaka mitatu, atawapa madalali miti yake yote, na mkirudi mtakuwa wageni.

Kumlipa mkulima kwa kipimo, tena papo hapo, kunataka fedha iliyokaa ikingoja Januari. Babu yenu alikuwa nayo kwa sababu hakuna mtoto wake aliyeruhusiwa kuchota kwenye droo. Kila mmoja alilipwa mshahara, hata mimi, ingawa wangu ulikuwa mdogo kuliko wa kaka zangu niliowafundisha kusoma daftari. Siku hizi naambiwa mteja analipa kwa simu ya mmoja wenu, na pesa inaenda harusini kabla haijafika kwenye kitabu. Yadi ina namba yake ya kulipia. Itumieni hiyo.

Kuhusu kugawa kiwanja: kikikatwa mara tatu lori halitapata pa kugeukia, na mtakuwa na vibanda vitatu vya rejareja vinavyopigana bei ukuta kwa ukuta. Isitoshe, kiwanja bado kiko kwa jina la marehemu. Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika 1981 inafanya kuwa kosa kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya mahakama, na haitofautishi mtoto wa kiume na wa kike. Chukueni hati ya usimamizi kwanza. Kisha andikisheni kampuni, kiwanja na mashine viingie humo, na kila nyumba ipewe hisa. Asiyetaka mbao auze hisa zake kwa wenzake kwa bei itakayokadiriwa na mtu wa nje. Anayetaka kufanya kazi afanye kwa mshahara.

Madaftari yote ninayo hapa Njoro, tangu lile la mabanzi. Njooni mnakili, lakini hayatoki nyumbani. Na kwa kuwa mahakama itahitaji ridhaa ya warithi wote, mjue kabisa kwamba sitatia sahihi yangu mpaka binti wa kaka yangu mkubwa awemo kwenye orodha ya hisa, sawa na ndugu zake. Ndiye anayesimamia ukaushaji kule Kisumu tangu kabla ya 2018, na kwenye rasimu yenu ya historia jina lake halipo.

Shangazi yenu,
Njoro