Sheria ya uchafuzi wa maji itaje nani aseme, amwambie nani, na ndani ya saa ngapi

Ndugu Mhariri,

Sheria nyingi za maji zina kifungu kinachomtaka aliyechafua chanzo cha maji atoe taarifa "mapema iwezekanavyo" kwa "mamlaka husika". Kifungu cha namna hiyo kinasomeka vizuri lakini hakimbani mtu. Mapema ni saa ngapi, na zinaanza kuhesabiwa lini? Mamlaka husika ni ofisi ipi, na usiku wa Jumamosi simu yake anaipokea nani? Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako tueleze kwa nini mambo haya, ambayo wengi huyaona ni ya makaratasi tu, ndiyo yanayoamua nani ataonywa kabla hajachota.

Tuanzie maabara, kwani huko ndiko saa nyingi zinakopotelea. Sampuli ya maji ya kunywa huchukuliwa kwa chupa iliyotakaswa ya mililita 100. Ndani yake huwekwa unga kidogo wa kuzima klorini, isije ikaendelea kuua bakteria njiani na kuficha hali halisi ya maji bombani. Chupa husafirishwa kwenye kasha lenye barafu. Ikifika maabara, maji hutiwa dawa ya kipimo na kuwekwa kwenye joto la nyuzi 35 kwa saa 18 hadi 24. Yakigeuka manjano, yana bakteria wa kundi la kolifomu. Yakimulikwa kwa taa ya urujuanimno yakang'aa buluu, yana E. coli, bakteria wa utumbo, na maana yake ni kwamba kinyesi kimeingia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani hauruhusu hata E. coli mmoja katika mililita 100.

Kwa hiyo jibu linapotoka, watu wameshayanywa maji yale siku nzima. Meneja akiamua kurudia kipimo "ili kujiridhisha" kabla ya kusema lolote, siku ya pili inakwenda. Akisubiri mkubwa wake arudi safari, ya tatu nayo inakwenda. Sheria inapaswa kuhesabu saa tangu jibu la kwanza baya lilipojulikana, na kipimo cha marudio kifanyike wakati tangazo la kuwaonya wananchi limekwisha kutoka. Tangazo lililotangulia likaja kufutwa kesho yake huwagharimu watu kuni na usumbufu. Lililochelewa huwalaza hospitali.

Mfano unaofundisha zaidi ni wa Walkerton, mji mdogo katika jimbo la Ontario, Kanada. Mei 2000 kisima kimoja cha mji huo kiliingiwa na bakteria kutoka kwenye mbolea ya ng'ombe baada ya mvua kubwa. Sampuli zilichukuliwa Mei 15, na Mei 17 maabara binafsi ikatuma majibu mabaya kwa mteja wake, yaani idara ya maji ya mji. Haikuitumia ofisi ya afya, kwa sababu hakuna sheria iliyoilazimisha, na majibu ilihesabu kuwa ni siri ya mteja. Ofisi ya afya ilipoanza kuona wagonjwa iliuliza idara ya maji zaidi ya mara moja, ikaambiwa maji ni salama. Agizo la kuchemsha maji lilitoka Mei 21. Watu 7 walifariki na zaidi ya 2,300 waliugua. Tume ya uchunguzi ilikadiria kwamba agizo lingetoka Mei 19, watu kati ya 300 na 400 wasingeugua.

Kosa la watendaji lilikuwepo, na lilishughulikiwa. Ila sheria yenyewe ilikuwa imeacha mlango wazi: taarifa ilipita kwenye mkono mmoja tu, na mkono huo ndio uliokuwa na sababu ya kuificha. Ontario iliuziba mwaka huohuo wa 2000 kwa kanuni mpya iliyoilazimisha maabara kupeleka majibu mabaya moja kwa moja kwa afisa afya, hata kama mteja hataki. Kama tungeruhusiwa kuongeza sentensi moja tu kwenye sheria yoyote ya maji, tungeongeza hiyo.

Kwa mito, maziwa na bahari si lazima kusubiri kipimo. Kwa mafuta, kanuni ya Marekani inatumia macho: utando unaometa rangirangi juu ya maji unatosha, na mwenye chombo au kiwanda anawajibika kupiga simu kituo cha taifa cha dharura mara tu anapojua. Kwa majitaka yanayomwagika bila kusafishwa, jimbo la New York liliweka saa 2 kuziarifu mamlaka za afya na mazingira, na saa 4 kuwaarifu wananchi. Uingereza, kupitia sheria ya mazingira ya mwaka 2021, makampuni ya majitaka yanatakiwa kutangaza kila mara mvua inapofurisha mifereji na majitaka yakamwagika, ndani ya saa moja tangu yaanze kumwagika, kwa kutumia vihisi vilivyofungwa kwenye midomo ya mabomba. Saa zinatofautiana, ila sheria hizi mbili za majitaka zimetaja namba, na namba ndiyo hakimu anayoweza kuishika.

Wenye viwanda wana hoja moja ya haki: kutoa taarifa ni kama kujipeleka polisi. Hoja hiyo ina dawa. Sheria ya maji ya Marekani inasema taarifa aliyoitoa mtu kama ilivyotakiwa haitatumika dhidi yake kwenye kesi ya jinai, isipokuwa amesema uongo. Lakini akinyamaza anaweza kufungwa hadi miaka 5. Hapo msimamizi wa zamu, saa nane usiku, anajua kuwa kusema kuna nafuu kuliko kunyamaza. Faini ndogo isiyobadilika haifanyi kazi hiyo, maana kiwanda huiingiza kwenye gharama za kawaida. Faini ihesabiwe kwa kila siku ya ukimya.

Sasa tangazo lenyewe. Hapa ndipo hata watendaji wenye nia njema huumiza watu, kwa kuandika "maji yachemshwe" kwa kila tatizo. Kuchemsha hadi yatokote kwa nguvu dakika moja (dakika tatu kwenye nyanda za juu, zaidi ya mita 2,000) huua bakteria, virusi na vimelea. Hakuondoi nitrati (kemikali inayotoka kwenye mbolea), madini ya risasi wala aseniki; maji yanapopungua kwa mvuke, sumu hizo hubaki kwenye maji machache zaidi, na kwa mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya unga, nitrati ni hatari ya haraka. Sumu ya mwani wa kijani-buluu nayo haiondoki kwa moto. Agosti 2014 jiji la Toledo, Marekani, liliwaambia watu zaidi ya 400,000 wasinywe maji ya bomba na wasiyachemshe, kwa sababu ya sumu hiyo kutoka Ziwa Erie. Tangazo lingekuwa lile la kawaida, lingewapotosha. Kwa hiyo sheria itaje yanayopaswa kuwemo: uchafu wa aina gani, ulianza lini, mitaa au fungu lipi la mto, nani yuko hatarini zaidi, maji yatumikeje kwa kunywa, kuoga, mifugo na umwagiliaji, maji mbadala yanapatikana wapi, tangazo lingine litatoka saa ngapi, na namba ya simu inayopokelewa. Liandikwe kwa lugha ambayo watu wa pale wanaisema, lisomwe redioni, lipite kwenye simu na kwa kipaza sauti. Kulibandika kwenye ubao wa ofisi peke yake kusihesabiwe kuwa ni kuarifu.

Wapo wanaoogopa kwamba wananchi watataharuki. Novemba 2005, baada ya kiwanda cha kemikali kulipuka huko Jilin, China, kemikali ya sumu ya benzini iliingia Mto Songhua na kuteremka kuelekea jiji la Harbin. Tangazo la kwanza la kukata maji jijini lilisema mabomba yanafanyiwa matengenezo. Watu hawakuamini, uvumi ukaenea, maji ya chupa yakagombewa madukani, na serikali ikalazimika kusema ukweli. Taharuki ililetwa na matengenezo yale ya uongo. Kinyume chake, mwaka 2000 maji yenye sumu ya sayanaidi yalipovunja bwawa la mgodi huko Baia Mare, Romania, samaki walikufa kwa wingi mno, lakini nchi za chini ya mto zilipata onyo kupitia mtandao wa tahadhari wa Mto Danube na zikachukua hatua kabla wimbi halijafika. Mto hausimami mpakani, hivyo taarifa iende hadi kwa aliye chini kabisa ya mkondo, awe raia wa nchi hii au ile.

Tusidanganyike pia kwamba sheria za haki ya kupata habari zinatosha. Ya Kenya ya mwaka 2016 inatoa siku 21 za kujibu ombi, na saa 48 pale uhai au uhuru wa mtu unapohusika. Ya Tanzania ya mwaka huohuo inatoa siku 30. Sheria hizo zinamsaidia anayejua la kuuliza. Mama anayechota asubuhi hajui kwamba kuna la kuuliza, na ndiyo maana wajibu lazima umwangukie mwenye taarifa.

Kwa mwananchi anayeona uchafuzi kabla ya ofisi yoyote, haya ndiyo yanayofanya ripoti yake isipuuzwe. Aandike tarehe na saa, mahali panapotambulika, rangi, harufu, kama samaki wanaelea, na maji yanaelekea upande gani. Apige picha mbili, moja ya uchafu na nyingine ya juu zaidi ya mkondo, pale maji yangali safi, kwani tofauti kati yake ndiyo inayoelekeza chanzo. Asiguse maji wala asiyaonje. Chupa iliyokuwa na soda haifai kwa kipimo cha bakteria, hivyo sampuli amwachie mtaalamu, ila aite upesi, maana uchafu wa mtoni huweza kupita wote kwa saa chache. Na adai namba ya kumbukumbu ya taarifa yake, yenye saa iliyopokelewa. Sheria iilazimishe ofisi kuitoa papo hapo, kwa kuwa siku ya kesi hiyo namba ndiyo itakayoonyesha nani alijua, na tangu lini.

Ni sisi wasomaji wako,
Wahandisi wa maji na wataalamu wa maabara