Tuwafunze watoto aya kabla ya misemo

Mhariri,

Jumamosi huwafundisha watoto wa majirani Kiingereza hapa Kawangware, na kuna jambo linalonisikitisha. Wanakuja na madaftari yaliyojaa misemo waliyokaririshwa: jua la dhahabu, ndege wakiimba, moyo ukidunda kama ngoma. Huipachika katika kila insha, iwe ya harusi au ya moto mtaani. Ni mazoea ya enzi za KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi nchini Kenya uliofanywa mara ya mwisho 2023, ambapo mtoto alipewa dakika 40 kuandika insha ya alama 40.

Mimi huanza na aya moja tu. Sentensi ya kwanza itaje jambo lenyewe. Zinazofuata zilieleze, zisirukie jingine. Msichana mmoja aliandika jinsi mamake anavyochagua viazi sokoni alfajiri, akivibonyeza kimoja kimoja. Nyakati za vitenzi zilimchanganya, lakini viazi niliviona! Makosa tuliyarekebisha baadaye, tukisoma kwa sauti.

Walimu wenzangu, tafadhali msimnyime mtoto alama kwa kukosa misemo ya kukariri. Na mzazi aliye na gazeti kuukuu la Kiingereza nyumbani, amwache mwanawe amsomee aya moja kila jioni.

Mwalimu wa mtaani,
Kawangware, Nairobi