Malalamiko kuhusu nyaya za plagi za bei ya juu kwa magari ya zamani

Kwa Meneja wa Mauzo,
Idara ya Vipuri vya Magari,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MADAI YASIYO YA KWELI KUHUSU NYAYA ZENU ZA PLAGI

Ninakuandikia kulalamikia maelezo mnayoyatumia kuuzia nyaya za plagi za bei ya juu, ambazo nilizinunua katika duka lenu kwa shilingi 185,000 kwa ajili ya gari langu aina ya Toyota Corolla KE70 lenye injini ya 4K. Boksi la nyaya hizo, pamoja na bango lililobandikwa juu ya kaunta, linaahidi kwamba injini ya zamani itaongezeka nguvu, kwamba matumizi ya petroli yatapungua kwa asilimia 15, na kwamba waya mnene wa milimita 10 hupeleka cheche kubwa kuliko waya wa kawaida wa milimita 7. Seti ya kawaida ya gari hilohilo ilikuwa kaunta hiyohiyo kwa shilingi 35,000, na muuzaji wenu alinishauri niiache kwa sababu, kwa maneno yake, gari la umri huo linahitaji umeme mkali zaidi.

Kabla ya kufunga chochote, fundi wangu hapa Tanga alizipima nyaya za zamani kwa mita. Tatu zilisoma kati ya omu 9,000 na 13,000, na hicho si kipimo cha kutisha, kwa kuwa waya wenye kiini cha nyuzi za kaboni hutengenezwa makusudi uwe na ukinzani, yaani uuzuie umeme kwa kiasi fulani kinachopimwa kwa omu, na vitabu vya matengenezo vya Toyota huruhusu hadi omu 25,000 kwa kila waya. Waya wa silinda ya 2 haukusoma kabisa, maana kiini chake kilikuwa kimekatika ndani ya ganda. Usiku tulifungua boneti injini ikiwa inaunguruma, tukanyunyiza maji kidogo, na tukaona cheche za buluu zikitoka kwenye nyufa za waya huo na kurukia chuma cha injini. Hapo ndipo ulipokuwa ugonjwa wa gari: lilikuwa likimisi, yaani silinda moja ilikuwa ikikosa kuwaka, na asubuhi zenye unyevu, ambazo sisi wa pwani tunazo nyingi, lilikuwa gumu kuwaka.

Tulipofunga nyaya zenu, injini iliacha kumisi na ikashika sailensa vizuri, yaani ikaunguruma kwa utulivu gari likiwa limesimama. Mngeweza kusema kwamba hapo ahadi imetimia, na nadhani ndivyo wanavyoamini wateja wenu wengi. Lakini baada ya wiki chache tulizitoa, tukafunga seti ya kawaida ya kaboni iliyo mpya, na injini ikatulia vilevile, ikawaka vilevile, ikapanda mlima vilevile. Petroli niliyoijaza kwa safari za Muheza na Korogwe haikuonyesha tofauti yoyote kati ya seti hizo mbili. Kilicholiponya gari ni kuondolewa kwa waya mbovu. Kwa hiyo mnachokifanya ni kuchukua nafuu inayoletwa na waya wowote mzima na kuiuza kana kwamba ni sifa ya waya wenu peke yake.

Naomba wataalamu wenu walitazame jambo hili kwa namna umeme wa plagi unavyofanya kazi. Volti zinazohitajika kurusha cheche huamuliwa na mwanya wa plagi na mgandamizo uliomo ndani ya silinda. Koili hupandisha volti hadi hewa iliyo kwenye mwanya ishindwe kuzizuia, na cheche hurukia hapo. Kabla ya cheche kuruka, karibu hakuna mkondo unaopita kwenye waya, kwa hiyo ukinzani wake hauna kikubwa cha kupunguza. Cheche ikisharuka, mkondo wake ni mdogo sana, chini ya sehemu moja ya kumi ya ampea. Hata tukiuhesabu kuwa ampea 0.05 katika waya wa omu 10,000, zinazopotea ni volti 500, ilhali koili ya gari la aina hii ina uwezo wa kutoa maelfu mengi ya volti. Waya hauwezi kutengeneza nguvu ambayo koili haikuitoa, wala kuongeza joto la petroli ambayo kabureta haikuileta.

Unene nao mmeueleza visivyo. Milimita 10 ni kipimo cha ganda la nje, na ganda hilo kazi yake ni kuzuia umeme usitoroke. Halifanyi njia ya umeme kuwa pana. Kwenye gari langu unene huo umeleta hasara, kwa sababu nyaya zenu haziingii katika vishikio vya asili vinavyozitenganisha, na zinalazimika kulala zikiwa zimebanana. Injini ya 4K huwaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2, ambapo silinda ya 3 na ya 4 zimepakana na hufuatana kuwaka. Nyaya za silinda mbili kama hizo hazitakiwi kulazwa sambamba zikigusana, kwa kuwa mmoja unaweza kuamsha umeme katika mwenzake na plagi ikatoa cheche kabla ya wakati wake.

Kuna pia suala la redio. Nyaya zenu zilisoma chini ya omu 100, yaani ndani mna chuma kitupu. Plagi za gari langu hazina kikinzani ndani, kama zilivyo plagi nyingi za injini za umri huo, na tangu siku nyaya hizo zilipofungwa redio ya gari ilikuwa ikitoa mikwaruzo iliyopanda na kushuka kufuatana na kasi ya injini. Kuzuia mikwaruzo hiyo ndiyo sababu watengenezaji wa magari waliuacha waya wa shaba tupu na kuhamia kaboni. Wapo watengenezaji wa nyaya za bei ya juu wanaolijali hili kwa kutumia waya mwembamba uliosokotwa kuzunguka kiini. Bidhaa yenu haifanyi hivyo, na boksi halisemi.

Sina ugomvi na silikoni. Ganda la silikoni hustahimili joto kuliko mpira wa kawaida, halipasuki upesi, na mtu mwenye injini ambayo nyaya zake hupita karibu na bomba la moshi ana sababu ya kweli ya kulilipia. Mngeziuza kwa sifa hiyo, nisingeandika barua hii. Kinachoniudhi ni kwamba wanaoendesha magari ya zamani kama langu wengi ni watu wa kipato kidogo, na tofauti ya shilingi 150,000 ingewanunulia plagi mpya, kifuniko cha distribyuta, rota na chujio la hewa, vitu ambavyo vikiwa vimechoka hubadilisha kweli namna gari linavyokwenda.

Kwa hiyo naomba mnirudishie fedha zangu zote. Nyaya na risiti ninazo. Naomba pia muondoe dai la nguvu na dai la asilimia 15 kwenye bango na kwenye boksi, au muonyeshe vipimo vilivyofanywa kwa kulinganisha nyaya zenu na nyaya mpya za kawaida, si na nyaya zilizokufa. Na kila boksi liandikwe ukinzani wa waya kwa mita moja, aina ya kiini, na magari ambayo vishikio vyake vinazipokea.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Nisipopata majibu yenu kwa maandishi ndani ya siku 21, nitalipeleka suala hili Tume ya Ushindani pamoja na boksi, picha ya bango na vipimo vya fundi.

Wako katika kudai haki,

Mteja wenu,
Tanga.