Kadi ya Kutoka Kariakoo

Ujiji, Kigoma

Ndugu yangu Hamisi,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu na anauliza kama lile dumu la mawese lilikufikia. Ni miezi minane sijakuandikia na wala sitajitetea, maana hata leo nimekukumbuka kwa sababu nina shida: nataka uninunulie kadi ya kompyuta huko Kariakoo.

Ile kompyuta ya Dell OptiPlex 7010 uliyonicheka nilipoinunua mtumba bado ndiyo ninayohariria video za harusi. Tatizo ni kwamba simu na kamera za sasa zinarekodi kwa HEVC, mfumo wa kubana video ambao prosesa ya mwaka 2012 kama yangu haikuzaliwa nao, kwa hiyo kazi yote ya kuufungua inaibeba kwa nguvu zake yenyewe. Picha inaganda huku sauti ikiendelea: bi harusi amefumba macho katikati ya keki, na matarumbeta yameshafika mlango wa ukumbi.

Mwezi uliopita kijana mmoja wa Mwanga aliniuzia kadi ya grafiki, ile inayoipokea prosesa kazi ya video, aina ya GTX 960, kwa bei iliyonifanya nijione nimeokota embe dodo chini ya mwarobaini. Nilipoifikisha nyumbani niligundua kwamba sipiyu yangu, yaani sanduku lenyewe la kompyuta, ni ile nyembamba, kadi imeizidi kimo, na mfuniko haufungi. Hilo ningelivumilia, lakini kadi hiyo hula hadi wati 120 na ina tundu la pini 6 linalotaka waya wake wa umeme, ambao pawa saplai yangu (kile kisanduku cha kugawa umeme ndani) ya wati 240 haina kabisa. Fundi Saidi (unamjua alivyo) alikwishashika koleo ili aunge waya kutoka kwenye hadi diski. Nikamwondolea mashine mbele yake. Kijana naye hataki kurudisha fedha.

Kwa hiyo sasa naanzia kwenye umeme kabla ya bei. Tundu la kadi kwenye madabodi, ile bodi kuu ya ndani, halitoi zaidi ya wati 75, basi ninayoitaka iishie hapo, isiwe na tundu la waya wa ziada, na iwe fupi ya kimo, yenye kile kibati kifupi cha kufungia nyuma. Kadi ya GTX 1050 Ti yenye kumbukumbu ya GB 4 inanitosha, na GTX 1650 ya kimo hicho ukiipata kwa bei ya kawaida nitashukuru zaidi. Wenye maduka watakusukumia GT 1030 kwa kuwa ni rahisi na inakula wati 30 tu, lakini haina sehemu ya kusimba video, yaani kuibana upya, na hiyo ndiyo inayonipunguzia saa za kusubiri ninapotoa kazi iliyokamilika. RX 6400 nayo inakosa sehemu hiyo, tena inatumia njia nne tu za kupitishia data kwenye tundu, hivyo kwenye mashine ya zamani kama yangu nguvu yake inapungua.

Jambo jingine, na hapa naomba uwe mkali kama ulivyokuwa kwenye mahari ya dada yako: zipo kadi za zamani zilizobadilishwa jina ndani kwa ndani, zikajitambulisha kuwa 1050 Ti. Usilipe kabla hawajaichomeka kwenye mashine na kuifungua kwa programu ya GPU-Z, ambayo kadi nyingi za namna hiyo huzibaini na kuziandika kuwa bandia. Kibati kifupi nacho kisisahaulike, maana bila hicho nitarudi palepale pa mfuniko.

Je, utaweza kupita Kariakoo kabla ya Ijumaa? Nikutumie fedha kwa simu sasa, au uniambie bei kwanza? Basi gani unaliamini kwa mzigo mdogo kama huu? Na lile dumu, Hamisi, ulilipata au nimwambie mama nini?

Wako,
Juma