Boriti zikipelea, msimlaumu fundi kabla ya kuiuliza ramani

Mhariri,

Hapa Lamu, boriti zikipelea au mlango ukikataa kuingia mahali pake, wa kwanza kulaumiwa ni fundi. Mimi kazi yangu ni kupima nyumba za mawe na kuzichora kwenye kompyuta. Naomba nafasi kidogo nimtetee.

Chukua nyumba moja ya Mkomani iliyofanyiwa ukarabati mwaka jana. Niliipima mimi, chumba kwa chumba: daka, kiwanda, msana wa tini, msana wa yuu, mpaka ndani. Anayezijua nyumba hizi anajua kuwa vyumba ni virefu na vyembamba kwa sababu upana wake uliamuliwa na boriti ya mkoko, na kwamba pembe za mraba ni za kutafuta. Basi faili yangu ndiyo msingi wa kazi. Msanifu aliye Nairobi huiita ndani ya faili yake, na mhandisi aliye Mombasa vivyo hivyo. Wenyewe tunasema eksirefu. Unauona mchoro wa mwenzako chini ya wako, unachora juu yake, ila mchoro huo unabaki kuwa mali yake. Akiusahihisha, ukifungua faili yako unakuta sahihisho limeshafika.

Lipu ya zamani ilipobanduliwa, ilionekana kwamba mbele ya ukuta wa asili palikuwa pamejengwa ukuta wa pili, mwembamba. Ukavunjwa, na chumba kikaongezeka upana sentimita 18. Nikasahihisha. Michoro ya msanifu ikafuata. Ya mhandisi haikutikisika, kwa sababu alikuwa ameifungamanisha faili yangu na yake, yaani ameimeza ikawa sehemu ya mchoro wake, na uhusiano ukakatika. Programu haitoi onyo lolote kwa jambo hilo. Karatasi yake ilikuwa safi kabisa. Boriti zikakatwa kwa vipimo vyake, zikaja na dau, zikapelea. Na mkoko hukatwa kwa leseni, si kitu cha kukimbilia tena kesho. Fundi aliyeifuata ramani barabara akaambiwa hajui kupima.

Mhandisi nilimuuliza, na jibu lake lina uzito. Alikuwa akitumiwa faili moja moja kwa WhatsApp. Kila akifungua, nyumba haipo; mahali pake pameandikwa tu anwani ya folda iliyo kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Akachoka, akafungamanisha. Kweli, faili inayotafutwa kwa njia kamili, inayoanzia C: na kupitia jina la mwenye kompyuta, haimfai mtu mwingine. Njia inayohesabiwa kuanzia pale mchoro wenyewe ulipo huhama pamoja na folda, mradi mpangilio wa ndani usiguswe. AutoCAD, programu tunayochorea, tangu toleo la 2018 huweka njia ya namna hii yenyewe, lakini wengi wetu tuna programu za zamani, na nyingine tusiulizane zilipatikanaje.

Halafu kuna majina. Nimeona folda yenye "mwisho", "mwisho2", "mwisho kabisa" na "tumia hii", na karatasi iliyokuwa saiti haikutoka katika yoyote kati ya hizo. Jina la faili ya msingi lisiguswe, kwa kuwa wenzako wanaiita kwa jina hilo. Kinachobadilika kiandikwe ndani ya mchoro, kwenye kisanduku cha pembeni: herufi ya toleo, tarehe, na nini kimesogezwa. Nakala ya zamani iende kwenye folda ya kumbukumbu. Kiwango cha kimataifa cha ISO 19650 hutenganisha kazi inayoendelea, iliyoshirikishwa wenzako, iliyotolewa rasmi na ya kumbukumbu. Nyumba ya orofa mbili haihitaji kitabu kizima. Folda nne zinatosha.

Wako wanaodhani Dropbox, folda ya pamoja ya intaneti, imemaliza shida. Kwenye mtandao wa ofisi moja, ukifungua faili ambayo mwenzako anaifanyia kazi, unaambiwa usome tu. Kwenye folda za intaneti watu wawili wanaweza kuhifadhi kwa wakati mmoja, zikazaliwa nakala mbili zinazogombana. Ndiyo maana kila faili iwe na mwenyewe mmoja: kuta zangu, boriti za mhandisi.

Ombi langu ni kwa wenye nyumba, ambao wengi wako mbali, na kwa ofisi zinazopitisha ramani za Mji wa Kale, ulio kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001. Msipokee PDF peke yake. Daini furushi zima; AutoCAD ina amri ya eTransmit inayokusanya mchoro, faili zote unazoziita na hata fonti, ikazitia katika zipu moja. Kufungamanisha kubaki kwa nakala ya kuhifadhiwa baada ya kazi kwisha. Fundi naye akipewa karatasi mpya, ile ya zamani ichukuliwe mkononi mwake papo hapo. Kisingizio cha intaneti ya kisiwani sikikubali: furushi la nyumba ile ni dogo kuliko video za arusi tunazotumiana kila wiki.

Boriti nyingine zimeshanunuliwa, kwa pesa za mwenye nyumba. Fundi bado anadai ujira wa siku alizokaa akizingojea.

Mchora ramani,
Langoni, Lamu