Barua kwa Nasra: Safari ya Kwanza Barani Afrika

Dar es Salaam,
Februari

Mpendwa Nasra,

Assalamu alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe, shemeji na wanangu wote wawili. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi, isipokuwa joto la kaskazi limetubana kweli kweli na kila mtu anaisubiri masika.

Orodha yako nimeisoma, tena nikampa na mume wangu aisome, na tumefurahi sana kwamba hatimaye umeazimia kuikanyaga ardhi waliyozaliwa wazee wako. Lakini umeniomba ushauri kama rafiki, na pia kama mtu ambaye mkate wake unatokana na kuwapangia wageni safari, kwa hiyo sitakuficha neno. Kairo, Marrakech, Lalibela, Zanzibar, Serengeti, Maporomoko ya Victoria na Cape Town haziingii katika wiki tatu. Au tuseme zinaingia, ila mtakachokijua vizuri kuliko vyote ni kumbi za viwanja vya ndege. Bara hili lina kilomita za mraba zipatazo milioni 30 na nchi 54 zilizo wanachama wa Umoja wa Mataifa. Kutoka hapa Dar es Salaam hadi Dakar ni zaidi ya kilomita 6,000 kwa ndege, ilhali kutoka hapa hadi kwenu Muskati hazifiki 4,500, na wala hakuna ndege nyingi zinazokatiza moja kwa moja kutoka mashariki kwenda magharibi.

Kwa maoni yangu, mgeni wa mara ya kwanza asianze kwa kuuliza ni mahali gani panasifiwa zaidi. Atazame kwanza kalenda yake, maana bara hili halina msimu mmoja. Ninyi mna likizo ya shule mwezi wa Julai. Julai huko Luxor joto hupita nyuzi 40, na mtu anayeikimbia Muskati kwa ajili ya joto sioni kwa nini alifuate jingine Misri. Lalibela, yale makanisa 11 yaliyochongwa ndani ya mwamba, Julai iko katikati ya mvua kubwa za Ethiopia, na mbali na mvua, hali ya usalama katika jimbo la Amhara imeyumba tangu 2023, kiasi kwamba sipeleki mgeni mwenye watoto. Cape Town huwa katika baridi yake, yenye mvua na mawingu yanayoufunika Mlima Meza, na mara nyingi magari ya kamba ya kupandia mlima huo husimamishwa kwa matengenezo majira hayo hayo. Huku kwetu, kinyume chake, masika huwa imekwisha, kusi inavuma, barabara za mbugani zimekauka na nyasi zimepungua urefu, hivyo mnyama haonekani masikio tu. Katika orodha yako, basi, Julai inakuachia Zanzibar, Serengeti na Victoria.

Anzeni Unguja, na mkishafika msikimbilie ufukweni. Wageni wengi hutolewa uwanja wa ndege wakapelekwa moja kwa moja hotelini kando ya bahari, kisha wakarudi kwao wakisema wameiona Zanzibar. Laleni kwanza Mji Mkongwe, ambao tangu mwaka 2000 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia, na mtembee kwa miguu asubuhi kabla jua halijawa kali. Beit al Ajaib, jumba alilolijenga Sultan Barghash mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka siku ya Krismasi ya mwaka 2020, kwa hiyo msitarajie kuliona kama lilivyo katika picha za ukutani kwa bibi yako. Jioni nendeni mkale bustani ya Forodhani, lakini ulizeni bei kabla ya kujaziwa sahani. Urojo tafuteni kwenye vibaraza vya ndani ya mji, ambako wenyeji wenyewe wanakula. Papasi, wale madalali wa kuwadaka wageni, watawafuata kuanzia bandarini, wakiahidi kila kitu kuanzia viungo hadi pomboo. Wewe unacho Kiswahili, tena cha Unguja kuliko changu: shukuru kwa adabu, endelea na njia yako, nao watakuacha.

Kuna mahali pamoja ambapo ningependa uwapeleke watoto hata kama shemeji atasita, nako ni Mkunazini. Mnada wa watumwa ulikuwa pale hadi ulipofungwa mwaka 1873, na kanisa kuu la Kianglikana likajengwa juu ya kiwanja chake. Mbele ya madhabahu kuna duara la marumaru nyeupe lililozungukwa na nyekundu, mahali panapoelezwa kuwa ndipo uliposimama mti wa kuwachapia watumwa. Nje kuna shimo lenye sanamu za watu wamefungwa minyororo ya chuma shingoni, na chini ya jengo la jirani kuna vyumba vyenye dari fupi mno hata mtu mzima hawezi kunyooka. Najua kwamba kwa familia yenye mguu mmoja Unguja na mwingine Omani hii si ziara nyepesi, na wapo watakaokwambia kwamba waongozaji hutia chumvi. Nadhani hata hivyo ni afadhali watoto wayasikie mambo haya wakiwa nawe, ukiwaeleza yaliyo yao na yasiyo yao, kuliko kuyasikia kwa wengine.

Baada ya hapo ndipo muende pwani, na hapa tena kusi ndiyo yenye neno. Paje na Jambiani, upande wa mashariki, hupigwa na upepo mkali mwezi wa Julai, na bahari ikipwa hurudi nyuma mwendo mrefu sana, hata mtu anayetaka kuogelea hukuta mchanga, mashimo ya maji na akina mama wanaoshughulikia mwani wao. Ni mandhari ninayoipenda, lakini kwa watoto wanaotaka kuogelea kutwa, Nungwi au Kendwa huko kaskazini kunafaa zaidi, kwa kuwa pamekingwa na upepo na maji hayatoki mbali. Siku moja nendeni Jozani muwaone kima punju, ambao hawapatikani popote duniani isipokuwa Zanzibar. Na kama tarehe zenu zitaangukia Mwaka Kogwa wa Makunduchi, sherehe ya mwaka mpya wa jadi, ambao huwa katikati ya Julai au kuelekea mwisho wake, msiukose.

Sasa Serengeti. Mtaruka hadi Arusha, na kutoka hapo nashauri muende kwa gari, si kwa ndege ndogo, ingawa ni mwendo mrefu. Ndege itawafikisha upesi lakini itawanyima Ngorongoro, nami nisingependa mgeni wa kwanza aikose. Ile ni kreta ambayo sakafu yake iko takriban mita 600 chini ya ukingo, yenye upana wa kama kilomita 20, na ndani yake kuna simba, tembo, nyati na vifaru weusi wachache wanaolindwa sana. Ukingoni asubuhi ya Julai ni baridi kali. Watoto wa Muskati watalia, kwa hiyo beba masweta na kofia za sufu. Saa sita mchana magari mengi husimama penye bwawa la Ngoitokitok kwa chakula cha mchana, na hapo waambie watoto wale wakiwa ndani ya gari. Mwewe wa pale hushuka kutoka nyuma, bila kishindo, na kukipokonya kipande cha kuku mkononi mwa mtu kabla hajakifikisha mdomoni. Nimeona wanaume wazima wakibaki wameshika karatasi tupu.

Nyumbu, wanaozidi milioni moja, Julai huwa wanaelekea kaskazini, na wanaotaka kuwaona wakivuka Mto Mara hukaa upande wa Kogatende. Nitakwambia jambo ambalo matangazo huliruka: kuvuka hakupangwi na mtu. Mnaweza kukaa ukingoni kutwa nzima, kundi likajongea, likanywa maji, likageuka na kuondoka. Kwa hiyo mkae siku zaidi sehemu moja badala ya kuhamahama kila usiku, kwani kila kuhama ni nusu siku ya vumbi, na kiingilio cha hifadhi huhesabiwa kwa saa 24 hata kama mmeshinda barabarani. Tena, Nasra, buibui lako liache Arusha. Mbung'o huvutwa na rangi nyeusi na buluu, ndiyo maana utaona vitambaa vya rangi hizo vimetundikwa mitini kama mitego, na kuumwa kwake hupenya nguo. Vaa rangi ya khaki au ya udongo, uendelee kujisitiri kama kawaida yako. Mifuko ya plastiki nayo msije nayo, imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019.

Uliniuliza kuhusu sokwe wa milimani wa Rwanda. Kibali cha mtu mmoja ni dola 1,500, kwa saa moja tu ya kuwa nao. Upande wa Uganda ni dola 800. Bei si hoja hapa, hoja ni kwamba watoto wa chini ya miaka 15 hawaruhusiwi katika nchi zote mbili, na mwanao mdogo, kama sikukosea, hajafika. Liacheni hilo hadi akue.

Maporomoko ya Victoria, ambayo wenyeji huyaita Mosi-oa-Tunya, moshi unaonguruma, yana upana wa mita 1,708 na kimo cha takriban mita 108. Mwezi wa Aprili, mto Zambezi unapojaa, mvuke huwa mzito hata mtu huyasikia maporomoko kuliko kuyaona. Oktoba na Novemba upande wa Zambia hubaki sehemu kubwa mwamba mtupu. Julai ni katikati ya hayo mawili, maji yapo na yanaonekana. Laleni upande wa Zimbabwe, ambako sehemu kubwa zaidi ya maporomoko hutazamwa kwa mbele, kisha siku moja mvuke daraja la mwaka 1905 kwenda Zambia. Kuna visa ya pamoja ya nchi hizo mbili, iitwayo KAZA, ya dola 50. Angalia kwanza kama pasipoti ya Omani imo katika orodha yao. Ndege kutoka huku hupitia Nairobi, Addis Ababa au Johannesburg, na si za bei nafuu. Ikibidi mpunguze kitu kwa sababu ya fedha, punguzeni maporomoko, msipunguze siku za Serengeti.

Miji mingine uliyoitaja isubiri Disemba ya mwaka mwingine. Hapo Misri itakuwa na hali nzuri ya hewa, nanyi mtaikuta Makumbusho Kuu ya Misri, iliyozinduliwa rasmi Novemba 2025 karibu na piramidi za Giza, ikiwa na hazina yote ya Tutankhamun mahali pamoja. Cape Town pia Disemba ndiyo kiangazi chake. Usiache kupita Bo-Kaap, mtaa wa Waislamu ambao wengi wao asili yao ni watumwa na wafungwa walioletwa kutoka Asia ya Kusini-Mashariki na kwingineko, wala kisiwa cha Robben, alikofungwa Mandela miaka 18 kati ya 27 ya kifungo chake. Marrakech, kusema kweli, naiona imezidi kelele. Mimi ningekupeleka Fez, huko huko Moroko, kwenye msikiti na chuo cha Qarawiyyin ambacho mapokeo yanasema kiliasisiwa na mwanamke, Fatima al-Fihri, mwaka 859.

Kuhusu karatasi: wote wanne mchanjwe homa ya manjano si chini ya siku kumi kabla ya kuondoka, na kadi zake mzifunge pamoja na pasipoti, kwa sababu mkipita Nairobi au Addis Ababa huenda mkaulizwa. Zanzibar inamtaka kila mgeni awe na bima ya kisiwa chenyewe, dola 44 kwa mtu mzima, hata kama ana nyingine. Ilipe kwa intaneti kabla ya safari ili msisimame foleni na watoto.

Nafasi za kulala Kogatende mwezi wa Julai huwa zimekwisha mapema, na mpaka sasa nimezishikilia kwa maneno tu kwa mwenyeji mmoja ninayemwamini. Nitumie kabla ya mwisho wa mwezi huu tarehe kamili za likizo, umri wa kila mtoto siku ya kusafiri, kwa kuwa viingilio vya watoto hutegemea umri, na kiasi ambacho wewe na shemeji mmekubaliana msikivuke. Mwambie mama kwamba nitampelekea karafuu kupitia kwenu mtakaporudi.

Wasalaam,
Rafiki yako,
Mwanaidi