Ndoo ya Mwana Kupona

Makorora, Tanga
Alhamisi usiku

Shoga yangu wa tangu chuoni,

Mzigo wako umefika Jumatatu, na barua nimeikuta imekunjwa chini ya mchele wa Kyela, mpaka leo inanukia mpunga. Mchele tumeshaupika, kwa nguru wa nazi, na mtoto wa jirani akatumwa kuja kuomba kiberiti wakati mama yake ana jiko la gesi. Ahsante sana. "Dhumuni la barua hii" nakuachia wewe na wanafunzi wako. Sentensi hiyo nimeisahihisha miaka ishirini na sita, sitaki kuiona tena.

Umeniuliza juu ya fungu la pesa za maktaba. Mkuu wako wa shule anataka zote ziwe kamusi na vitabu vya marejeo, wewe unataka kidogo kiende kwenye spika na mashairi yaliyorekodiwa, naye amekwambia hiyo ni taarabu, si masomo. Unataka maoni yangu na ya watu wetu wa barazani. Nimeyakusanya, yapo. Lakini kwanza nikusimulie kisa cha ndoo, maana mpaka mwaka jana mimi nilikuwa upande wa mkuu wako. Usicheke.

Mwaka jana nilimrekodi mavyaa wangu, mama wa mume wangu. Unamjua, mzaliwa wa Lamu, aliletwa Tanga na ndoa, na miaka yote hii maneno yake hayajakubali kuhama. Utendi wa Mwana Kupona, ule wasia wa mama kwa binti yake, anao kifuani, alifundishwa na bibi yake kabla hajaolewa. Niliweka simu juu ya kigoda, nikafunga dirisha la upande wa barabara, nikamwambia aanze. Jogoo kaingia kwenye rekodi, na adhana ya Alasiri nayo imo: inapoanza yeye ananyamaza, inakwisha, anaendelea pale pale alipoachia bila kurudia hata silabi.

Nikaipeleka Kidato cha Tatu. Fungeni vitabu, andikeni mnachosikia. Ukafika ule ubeti unaoanza "Ndoo mbee ujilisi, na wino na qaratasi". Nusu ya darasa wameandika ndoo, ndoo ya maji. Kijana mmoja akaichora pembeni mwa daftari, ya plastiki, na mshikio wake. Nikamwambia simama utueleze. Akasema mama anamtuma binti akalete maji ya kuchanganyia wino. Shoga, hoja ilisimama! Nikasema haya, fungueni kamusi. Kamusi ikamuunga mkono: ndoo ni chombo cha kuchotea maji. Nilibaki na chaki mkononi.

Jioni nikamuuliza mwenyewe. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Ndoo ni ndoo, mwanangu. Nakwita: ndoo! Huji?" Ndipo nikakumbuka kuwa kwa Kiamu, lahaja ya Lamu, njoo ni ndoo, njia ni ndia, njaa ni ndaa, na mbele ni mbee. "Njoo mbele uketi, na wino na karatasi." Kesho yake niliporudi nalo darasani, kila mtu alimwona yule mama. Utendi wenyewe unasema maradhi yamemshika mwaka mzima. Ni mwaka 1858, mumewe aliyekuwa akitawala Siyu, kisiwani Pate, ameshakufa, naye anamwita binti yake, Mwana Hashima, aje karibu aandike kabla hajachelewa. Yule kijana akafuta ndoo yake kwa mate. Nilimwambia angeiacha.

Kamusi haikukosea, na hili ndilo ningependa mkuu wako alisikie. Mwaka 1928 ulifanyika mkutano Mombasa, Kiunguja kikachaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaanza ile kamati ya kusimamia lugha katika nchi zetu. Kamusi tulizokulia zimetokana na kazi hiyo. Ila tenzi za kale, Inkishafi, Tambuka, Mwana Kupona, na malenga Muyaka wa Mombasa, wote hao walikuwa wameshasema yao kabla, kwa Kipate, Kiamu na Kimvita cha Mombasa. Ukimpa mtoto wa Mbeya kamusi ya sanifu peke yake ukamwambia asome utendi, umempa ramani ya Unguja atembelee Pate.

Jambo la pili lilinitia aibu kama mwalimu. Ubeti ule mwingine, "Negema wangu binti, mchachefu wa sanati, upulike wasiati, asa ukazingatia." Kila mwaka nafundisha kuwa utenzi una mizani, yaani silabi, nane kwa kila kipande, na kila mwaka yupo anayehesabu kipande cha kwanza akapata saba: ne-ge-ma, wa-ngu, bi-nti. Namjibu kuwa malenga wana ruhusa zao. Ruhusa gani! Msikilize mavyaa: bi-n-ti. Ile N anaikalia, ina pumzi yake kamili, na mizani inatimia nane bila kuombewa msamaha. Sawa na M ya "mchachefu", ambayo watoto wetu huimeza. Nimeisoma mara ngapi ile Sheria za Kutunga Mashairi ya Amri Abedi, ya 1954, nayo inafundisha mizani vizuri sana. Lakini N haikunisemesha mpaka nilipoisikia mdomoni mwa mtu.

Sasa maoni ya barazani. Mzee wetu aliyekuwa reli, yule mwenye boksi la kaseti, hataki hata kujadili. Kwake shairi likiwa kitabuni limelala. Ana Zein l'Abdin akiimba tungo za kale za Lamu, ana Juma Bhalo tangu kaseti za mwanzo, na zote amefunga kwa mpira ili vifuniko visipotee. Nikamwuliza, hili shairi unalolipenda kupita yote la nani? "La Bhalo." Nikamwambia nyingi katika hizo ni tungo za Ahmad Nassir Juma Bhalo, yule wa diwani ya Malenga wa Mvita, na Mohamed Khamis ndiye mwimbaji, ni ndugu, lakini kutunga ni kwa mmoja na sauti ni ya mwingine. Akakasirika kama nimemwibia. Basi tukaangalia kaseti. Imeandikwa kwa peni: "Bhalo 4". Hakuna mtunzi, hakuna mwaka. Na ubeti wa tamati, ambamo malenga wengi hujitaja jina, haupo, maana upande wa kaseti ya dakika sitini ni dakika thelathini, na aliyekuwa akinakili hakuwa na habari na tamati. Hili ndilo kosa kubwa la kanda zetu, na sioni haya kulisema mbele yake. Halikuanza kwenye kaseti. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja, alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, santuri za wakati ule zilibeba kama dakika tatu upande mmoja, na wimbo uliozoea kunyooshwa usiku kucha ulibidi ujikunyate.

Mwalimu mkuu mstaafu, jirani yetu wa barabara ya pili, yeye ni wa vitabu tupu. Hoja yake ni nzito kuliko nilivyodhani: sauti tamu huficha utungo mbovu. Ukiimbiwa, kina kilichopachikwa kwa nguvu kinapita na fidla. Ukikitoa karatasini, kinakaa uchi. Hapa nilimpa mkono. Nimewahi kuzipenda nyimbo mwaka mzima, nikaja kuziandika, nikakuta hakuna kitu.

Mpwa wangu anayefundisha sekondari jirani anasema mnapoteza muda, kila kitu kiko kwenye simu. Akatufungulia utenzi mmoja kwenye simu yake, na kwa mazoea ameongeza kasi ili umalizike upesi. Mavyaa alikuwa ndani anachambua mchicha. Akatoa kichwa mlangoni: "Huyo anakimbizwa na nani?"

Nije kwenye manunuzi. Kabla hujalipa kamusi yoyote, ifungue herufi kwa herufi. Mimi nilinunua yangu mjini, mpya, ndani ya nailoni. Kufika nyumbani, kurasa za M zimejirudia mara mbili na za N hazipo kabisa. Nilirudi, nikaambiwa nailoni imeshachanwa. Kwa hiyo siku ya kisa cha ndoo mimi mwenyewe sikuweza kuitafuta ndoo, ilibidi niazime kamusi ya mwanafunzi. Maktaba nzima ikiletewa za namna hiyo, utafanya nini?

Chukua Kamusi ya Kiswahili Sanifu, toleo la tatu, la 2013. Ile ya 1981 tuliyosomea tuiheshimu tu. Kamusi Kuu ya BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, ya 2015 ni nene, ina maneno mapya mengi, moja inatosha, iwekwe mezani isitoke. Kwa maneno ya pwani napenda Kamusi la Kiswahili Fasaha la BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, la 2010. Hata hilo "la" lenyewe kwenye jina linakwambia umevuka bahari. Ukibahatika kwa wauza vitabu chakavu kukuta ile ya Johnson ya 1939, Kiswahili kwa Kiingereza, usiiache, hata ikiwa haina jalada. Mwaka huo huo padri Sacleux, aliyekaa sana Bagamoyo na Unguja, alitoa yake Paris, Kiswahili kwa Kifaransa. Hiyo huipati Mbeya na Kifaransa hatukijui, lakini ukiiona maktaba yoyote ya chuo, ifungue. Kaweka vifupisho vya lahaja, neno la Kiamu linajulikana ni la Kiamu. Toleo la sanifu likifanya hivyo kwa kila neno, mimi nitalinunua mara mbili.

Halafu, spika. Moja, nzuri, si tatu za kelele. Rekodi usitafute nyingi. Tatu zinatosha mwaka mzima: utenzi mmoja uliosomwa na mtu mzima asiye na haraka, shairi moja lililoimbwa na udi au fidla, na moja la huko kwenu, hata likiwa la Kinyakyusa, wapate kusikia kuwa mahadhi si mali ya pwani pekee. Kila moja uandike: nani katunga, nani kasoma, wapi, lini, beti ngapi zimerukwa. Mzee wa reli ameahidi kuanza kuandika zake. Mpaka sasa ameandika moja.

Na uwasikilizishe mara mbili vitabu vikiwa vimefungwa, kamusi zije baadaye. Kuna vitu masikio tu ndiyo yanavipata. Watu wa Mombasa na Lamu wanapotaja kaa wa baharini K yao inatoka na pumzi, na kaa la moto haina. Tembo mnyama ana pumzi kwenye T, tembo la mnazi halina. Herufi zetu zinaandika sawasawa, sisi wa huku tunatamka sawasawa, na Muyaka anapocheza na maneno hayo nusu ya mchezo inatupita tumekaa tunamtazama. Nilipowaeleza darasa, kila mmoja alishika kiganja mbele ya mdomo anapuliza kaa, kaa, kaa. Mwalimu wa hesabu alikuja kuchungulia.

Nikuibie siri moja ya mwisho. Utendi ule una beti 102 kitabuni. Niliisikiliza rekodi ya mavyaa huku nahesabu kwa tasbihi, ile ya punje tisini na tisa, kila ubeti punje moja. Akamaliza zimebaki punje saba. Beti kumi hazipo. Nilikaa nazo wiki mbili sijui nimwambieje. Mtu wa umri ule humwambii amesahau. Leo baada ya Magharibi nikachukua kitabu, nikajifanya naomba kufundishwa, nikaanza kumsomea zile kumi. Nne akasema hakufundishwa, na mimi namwamini. Mbili akasema si hivyo, kitabu ndicho kilichokosea, akanipa zake. Ya saba alinikata katikati, akaimalizia mwenyewe na macho amefumba, na ya nane, na ya tisa, na ya kumi. Kisha akanyamaza, akajifuta uso kwa upindo wa leso.

"Na wewe nawe," akasema, "mbona hukuwasha hicho kisimu?"

Nimekiwasha. Nakutumia zote mbili, ya zamani na ya leo, kwenye kadi ndogo ya simu niliyoifunga ndani ya bahasha ya dagaa. Usiitupe na karatasi.

Wasalimie watoto, na baba yao.

Mimi shoga yako, yule yule

N.B. Kadi ina rekodi ya tatu isiyo na jina. Ni mpwa wangu anajaribu mahadhi. Hiyo usiwape wanafunzi.